Chuma Kilicholia Ijumaa Jioni

Jua likishuka na mabati ya nyumba yangu yakaanza kupoa, huwa yanalia. Ti. Kisha kimya. Kisha ti nyingine, upande wa jikoni. Kila nyumba ya mabati hapa Kebirigo inalia hivyo na majirani zangu hata hawasikii. Mimi nasikia. Kazi ya kuchomelea nimeiacha, mashine nimeuza, glavu amechukua mpwa wangu anazivaa akikata miti, lakini sauti hiyo ikitoka bado naweka kikombe chini na kutega sikio nijue imetokea wapi.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi mnapenda kunipitia nyumbani. Mnakunywa chai yangu, mnamaliza ndizi zangu, halafu mnauliza, "Mama, siri ya kazi ni nini?" Mnataka niwatajie rodi gani ya kuchomea na moto wa mashine uwekwe wapi. Nikianza kuwaambia habari za woga mnatazama simu zenu. Sasa nimeamua kuandika, kwa sababu karatasi haikatizwi maneno. Mimi Moraa nilianza kazi nikiwa mwoga, nikaifanya nikiwa mwoga, na nimestaafu nikiwa mwoga. Vidole vyangu vyote viko hapa, na macho yangu bado yanaona nani anakuja njiani.

Sikuanza nikiwa msichana. Nilikuwa mchuma chai, na mchana nilikuwa nauza uji kwenye vibanda vya mafundi. Fundi Ombati alikuwa mteja wangu mbaya kuliko wote: uji anataka moto, tena anataka ungoje amalize kuchoma ndipo anywe. Siku moja akiwa hana mtu wa kumshikia fremu ya dirisha aliniambia, "Wewe mama wa uji, unasimama bure, shika hapa." Nikashika. Kesho yake nikashika tena. Mwishowe uji ukawa unauzwa na dada yangu, na mimi nikawa na miwani nyeusi usoni na matundu kwenye kila leso niliyokuwa nayo.

Mama yangu, Bosibori, hakupenda. Alisema mwanamke anayetazama moto ule atapofuka na hataona wajukuu. Alinuna mwaka mzima. Halafu nikamtengenezea meko ya chuma ya kuni, yenye miguu mitatu na mahali pa kutolea jivu, akaanza kuita majirani waje wayaone. Mama yangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Akikukataa anakukataa mbele ya watu, na akikukubali anakusifu mpaka unatafuta pa kujificha.

Sasa nisikilizeni kuhusu vyuma.

Mtu akianza kazi hii anafundishwa kwa chuma laini. Milango, madirisha, fremu za viti, vyote ni chuma laini. Chuma hicho kinakuvumilia. Ukikichoma vibaya unakata unarudia, ukikipiga nyundo kinapinda, na ukiacha mshono wako unywe mvua hakisemi kitu. Baada ya miezi kadhaa unajiona fundi. Unafikiri chuma ni chuma. Hapo ndipo mteja anapokuja na kitu amekifunga kwenye gunia, na hujawahi kukiona.

Mimi cha kwanza kunifunza adabu kilikuwa bomba la zinki, lile jeupe la maji. Mtu wa Magwagwa alitaka zizi la ng'ombe wa maziwa, na mabomba alikuwa nayo tayari. Ilikuwa inanyesha, kama mjuavyo huku kwetu baada ya chakula cha mchana, nikayaingiza ndani ya kibanda na kufunga mlango ili nisilowe. Nikachoma. Moshi mweupe ukajaa, vijiuzi vyeupe vikawa vinaelea hewani, mdomo ukawa na ladha tamu ya ajabu, na mimi nikawa naimba. Jioni hiyo nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Mama alinifunika mablanketi yote akidhani ni malaria. Asubuhi Ombati alipoambiwa alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaja hadi nyumbani kunigombeza nikiwa bado nimelala. Alisema zinki huondolewa kwanza kwa grainda, ile mashine ya kusaga chuma, na kazi hiyo hufanyiwa nje penye upepo hata kama mvua itakunyeshea. Na maziwa mnayokunywa mkisema yanaosha kifua hayaoshi chochote. Kunyweni kwa sababu ni matamu.

Basi Ombati akaanza kunifunza kutambua. Alikuwa na njia zake. Kwanza sumaku, aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu: ikikataa kushika, ile ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu, au kitu kingine cha kukusumbua, weka chini uulize. Pili tupa, ile ya kunolea panga: ikikwaruza chuma kinalika, sawa, ikiteleza juu bila kushika, ogopa. Tatu cheche za grainda. Cheche za chuma laini ni ndefu, za manjano, zinaenda mbali zikiinama. Cheche za chuma kigumu ni fupi na zinapasuka njiani, kila moja inatoa nyota nyingi. Ukiona nyota nyingi, Ombati alisema, toa mkono kwenye mashine uende ukanywe maji.

Na kulikuwa na shahidi. Hili ndilo nataka mlishike kuliko yote. Kila tulipopewa chuma tusichokijua, Ombati alikuwa anakata vipande viwili vidogo kutoka kwenye chuma hicho hicho, tunavichoma pamoja kwa rodi ile ile, mkono ule ule, siku ile ile. Kile kipande tulikiita shahidi. Kinawekwa juu ya benchi na hakiguswi. Kazi ya mteja haitoki kibandani mpaka shahidi amelala na kuamka mzima. Mimi mwanzoni niliona ni ushirikina wa mzee. Chuma kimeshikana, kimepoa, kinangoja nini tena? Sikuwa najua kwamba kuna chuma kinachoshikana vizuri ukikitazama, halafu kinapasuka wewe ukiwa umeshanawa mikono.

Ijumaa ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya makambi. Wasabato mnaijua, wengine niwaeleze kwamba ni mkutano wetu wa mwaka, watu wanahama na vyombo na mablanketi wanaenda kukaa uwanjani kusikiliza neno. Uwanja ulikuwa upande wa Ekerenyo, ng'ambo ya mto, juu ya kilima. Sabato inaingia jua likizama, na mtu anayejiheshimu anataka awe amefika, amefunga hema, na amezima moto wa jikoni kabla ya hapo. Kwa hiyo Ijumaa mchana huku kwetu kila mtu ana haraka, na Ijumaa ya makambi haraka hiyo ni mara mbili.

Mzee Ogeto alikuwa mzee wa kanisa letu na mwenye trekta. Alikuwa avute trela lenye mahema, mabenchi na akina mama wote wa kanisa. Mchana huo mkono wa trela, ile sehemu ya mbele inayoshikana na trekta, ulikatika karibu na pete. Akaja kwetu na trela limeburutwa kwa kamba, na ndani ya gunia ana kipande cha chuma kinene kizuri, kizito, cheusi. Alikuwa amekiweka nyumbani miaka mingi chini ya kitanda.

"Ombati, bwakire," akasalimu. "Hiki nilitoa kwa lori ya zamani. Hakuna chuma ngumu kama hii hapa Nyamira yote. Weka hii, haitawahi katika tena."

Ombati alikuwa amelala chali kwenye benchi la wateja akiwa na vipande vya viazi vibichi machoni. Jana yake mwali wa mashine ulikuwa umemchoma, na mafundi wa siku hizo tulikuwa tunajitibu kwa viazi. Msifuate. Nendeni hospitali. Lakini picha ndiyo hiyo: mzee wa kanisa amesimama na gunia, fundi mkuu ana viazi machoni, na mwenye macho pale ni mimi, mwanafunzi.

"Moraa," Ombati akasema, "weka kwa grainda uniambie unaona nini."

Nikaweka. "Naona cheche, Fundi."

"Cheche! Hata mbuzi anajua ni cheche. Ziko aje?"

"Ni fupi. Na zinapasuka. Zinapasuka sana, kama bisi kwa sufuria."

Aliinua mkono nizime grainda.

"Piga tupa."

Nikapiga. Tupa iliteleza ikalia kama kucha kwenye ubao. Hakuhitaji niseme, alisikia.

"Mzee Ogeto," akasema, "hii ni springi ya lori ama ndugu yake. Hiki chuma hatujawahi kukichoma hapa. Kiache mpaka Jumapili."

"Jumapili?" Mzee Ogeto alicheka kwa hasira. "Akina mama wako kanisani na mizigo. Jua unaona iko wapi? Pole, huoni. Lakini iko pale kwa mikaratusi. Unataka nivute hema na mgongo wangu?"

"Basi tafuta gari ingine."

"Ijumaa ya makambi? Gari gani iko bure? Ombati, hiyo ni kazi ya Mungu unachelewesha."

Vijana, mtakutana na mtu huyu. Hatakuwa mbaya. Mzee Ogeto alikuwa mtu mwema, alinilipia mtoto wa dada yangu karo. Mtu mwema mwenye haraka ndiye mgumu kumkatalia. Ombati, viazi vikimdondoshea maji mashavuni, alisema kwa sauti ndogo kwamba nipashe chuma moto kwanza, moto sana, mpaka kijiti cha mkaratusi kikikigusa kitoe moshi, ndipo nichome. Na nikate shahidi.

Nilikata shahidi. Kupasha ndiko kulikonishinda. Makaa yalikuwa yamenyeshewa na mvua ya saa nane, yakawa yanatoa moshi tu. Nilipepea na kifuniko cha sufuria mpaka mkono ukaniuma. Kijiti nilikigusisha, hakikutoa kitu. Mzee Ogeto akawa anatazama jua kila nikiinua kichwa. Mwishowe Ombati aliuliza, "Kimepata moto?" nami nikasema, "Kimepata kidogo, Fundi," na yeye akasema, "Choma basi."

Mama yangu alitokea nikiwa nimevaa ngao usoni. Alikuwa anaelekea kanisani, ana blanketi kichwani na jerikeni ndogo ya mafuta ya taa mkononi, ya taa za hemani. Alisimama mlangoni, akafunika macho kwa kiganja, akamwambia Mzee Ogeto kwa Kikisii kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "Unaona huyu? Huyu ni wangu. Trela lako likivutwa leo linavutwa na mkono wa mtoto wangu. Nitakaa mbele kabisa, karibu na kazi yake." Kisha akaenda zake.

Nilichoma nikiogopa, na mshono ukatoka mzuri kuliko wowote niliowahi kuchoma. Gamba la rodi lililofunika mshono lilijivua lenyewe. Nikachoma na shahidi, nikamweka juu ya benchi. Nikageuka kuchukua brashi ya waya.

Denis, kijana aliyekuwa anaendesha trekta, alikuwa ameona chuma bado ni chekundu na jua linaenda. Akachukua ndoo ya maji ya mvua iliyokuwa chini ya mabati akamwaga yote juu ya mshono. Shaaa! Mvuke ulijaa kibanda.

Ombati aling'oa viazi machoni. "Nani amefanya hiyo? Nani?"

"Ni mimi, Omogaka," Denis akasema, akimwita mzee kwa Kikisii. "Nimepoesha tu ndio twende."

"Chuma si chai!"

Lakini mshono ulikuwa umekaa vile vile, mzuri, unang'aa. Mzee Ogeto aliupiga kwa kisigino cha kiatu mara kadhaa, akaridhika, akazima simu yake kama alivyozoea kabla ya Sabato, akanishukuru kwa jina. Wakaunganisha trela, wakaondoka kwenda kanisani kupakia. Ombati alirudisha viazi vyake. Nami nikaanza kufagia.

Nilisikia ti.

Nilitazama mabati juu. Nikangoja. Nikaendelea kufagia, na sijui ni nini kilinifanya niache ufagio nisogelee benchi. Shahidi alikuwa amekaa pale pale nilipomweka. Pembeni mwa mshono, si kwenye mshono wenyewe, kulikuwa na mstari mwembamba ambao haukuwepo. Nilimshika kwa vidole viwili kila upande nikabana kidogo tu, kama mtu anayevunja biskuti. Akaachana. Ndani alikuwa na chembechembe nyeupe zinazometameta.

Nataka mjue nilivyosikia. Nilikuwa nafikiri pole pole, jambo moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa baya kuliko lililopita. Shahidi hajamwagiwa maji, amepasuka. Kile kingine kimemwagiwa. Kwenda makambi kuna mteremko, kuna daraja, halafu kuna mlima. Kwenye mlima mzigo wote unavuta nyuma. Nyuma ni mto. Mama amekaa mbele.

"Imelia?" Ombati akauliza. Alikuwa amesikia, pamoja na viazi vyake.

"Imelia, Fundi. Imeachana."

Aliketi. Macho yake yalikuwa mekundu yanatiririka, na sijui kama ni mwali au alikuwa analia. "Kimbia," akasema. "Mimi sioni barabara. Chukua shahidi. Wewe hawatakuamini. Beba na jiwe la Tabaka."

Jiwe la Tabaka ni lile jiwe laini wanalochongea sahani na vinyago. Sisi tunakitumia kipande chake kuchorea vyuma kabla ya kukata. Nililitia mfukoni bila kuuliza. Nilijua lilikuwa la nini, kwa sababu alikuwa amenifundisha mara moja kwa mzaha, kwenye sufuria iliyovuja.

Kijana wa pikipiki aliyenichukua aliniuliza kama kuna mtu amekufa. Nilimwambia bado. Hakuniuliza tena. Kanisani hapakuwa na mtu, ila alama za magurudumu kwenye matope. Tukashuka mteremko nikiwa nimeshika vipande viwili vya shahidi, na kila kona nilikuwa nafumba macho kabla hatujaipita, nikiogopa nitakachokiona upande wa pili. Sikuomba sala yenye maneno. Nilikuwa nasema tu jina la Mungu, Nyasae, Nyasae, Nyasae.

Kwanza nilisikia wimbo. Akina mama walikuwa wanaimba sauti nne. Kisha nikaona trela, limevuka daraja, linaanza kupanda. Nilimwambia kijana apite mbele na azibe njia. Akaziba. Nikashuka nikasimama katikati ya barabara, mikono juu, na Denis akapiga breki.

Ile breki ilinitisha kuliko yote. Nilitazama mkono wa trela. Ulishika.

"Wee, unataka kufa?" Denis akapiga kelele.

"Weka mawe nyuma ya magurudumu! Mawe kwanza, maneno baadaye!"

Mama alikuwa amekaa mbele kabisa kama alivyosema, miguu ikining'inia juu ya kazi yangu, jeri ya mafuta kwenye mapaja. "Moraa! Umeamua kuja?" Alitabasamu, kisha akaniona uso, akaacha.

Nilimwonyesha Mzee Ogeto vipande. Nikamwambia washuke wote. Alikuwa ameketi kwenye madigadi, juu ya gurudumu la trekta, na nyuma yake jua lilikuwa limegusa kilima.

"Binti yangu," akasema, "hiyo ni kipande kidogo. Hii nimepiga kiatu. Iko sawa. Si ni wewe umechoma?"

"Ni mimi nimechoma."

"Na sasa ni wewe unakataa?"

"Ni mimi nakataa."

Akina mama wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema kwa sauti kwamba ndiyo maana kazi ya wanaume iachiwe wanaume. Mama yangu alisikia. Aibu niliyoipata ilikuwa kubwa, lakini niwaambie ukweli, woga ulikuwa mkubwa zaidi, na ndio uliosema.

"Mama, nipe hayo mafuta."

Alinipa. Nilipangusa mshono kwa leso yangu, nikaumwagia mafuta ya taa, nikangoja. Nikaukausha vizuri kwa upande mkavu wa leso. Kisha nikakwaruza jiwe la Tabaka kwa kisu cha Denis, unga mweupe ukaanguka juu ya chuma mpaka kikafunikwa chote. Mzee Ogeto aliuliza nafanya uganga gani. Nikamwambia atazame.

Hakukuwa na kitu. Unga mweupe tu. Mtu akacheka nyuma. Mimi nilikuwa nimeinama pale nikiogopa mambo mawili yanayopingana, kwamba mstari utatokea, na kwamba hautatokea nao wataondoka.

Ukatokea. Mafuta yaliyokuwa yameingia ndani ya ufa yalianza kutoka, pole pole, yakilowesha unga. Mstari mweusi mwembamba, umeanzia pembeni ya mshono, ukazidi kwenda, ukazunguka kona ya chuma ukapotelea chini. Mzee Ogeto alishuka. Aliinama mpaka kofia ikamwanguka. Aliufuata mstari kwa kidole bila kuugusa, akafika chini, akainuka.

"Shukeni," akawaambia akina mama. "Nyote. Pole pole. Upande wa juu."

Walishuka. Mama alikuwa wa mwisho kwa sababu alikuwa mbele kabisa, akashindwa kuruka, nikampokea mikononi. Alikuwa mwepesi. Denis akasema atasogeza trela kando kidogo barabara ipitike, lina mabenchi na mahema tu. Akatia gia. Trekta ikavuta.

Ilikuwa sauti ile ile, ila kubwa. Trekta iliruka mbele. Trela likarudi nyuma, likagonga mawe, likapanda juu yake, likatikisika, likakaa. Benchi moja lilidondoka likabiringika hadi kwenye daraja. Tulilitazama benchi lile mpaka liliposimama, na jua likazama tukiwa tumesimama hivyo.

Walipanda kilima kwa miguu, mahema na mabenchi vichwani, Mzee Ogeto naye na lake. Sabato iliwaingilia njiani na hakuna aliyelisema. Nilitembea kando ya mama mpaka juu.

Najua mngetaka mnisikie nikisema tulikishinda kile chuma. Hatukukishinda. Ombati, macho yakiwa yamepona, alikirudisha kwa Mzee Ogeto na kumwambia ampelekee mhunzi amtengenezee mapanga. Mkono wa trela tuliutengeneza kwa chuma laini kinene, kama ulivyokuwa mwanzo. Miaka iliyofuata nilijifunza kuchoma springi pia, kwa moto wa kutosha, rodi zilizokaushwa juu ya jiko, na kufukia kazi kwenye jivu la kiwanda cha chai ipoe usiku kucha. Sasa mna mashine ndogo za kubeba begani, na kila siku vinaletwa vyuma vipya vya pikipiki na vya magari ambavyo hata mimi sivijui. Vizuri. Kateni shahidi.

Trela lile lilipokuwa tayari, shahidi akiwa amelala na kuamka mzima, makambi yalikuwa yamekwisha na akina mama wanajiandaa kurudi. Nilikwenda nalo mpaka uwanjani. Mizigo ilipakiwa, lakini hakuna aliyepanda. Walisimama wakitazama ule mshono mpya, na mimi nikautazama nao. Mama akaja na blanketi lake kichwani. Aliutazama mkono wa trela, akanitazama mimi.

"Ulipokuwa unachoma hiki," akaniuliza, "uliogopa?"

"Niliogopa, Mama. Hata sasa naogopa."

Akanipa jeri yake nimshikie.

"Basi nisaidie," akasema, "nikae mbele."